Leso Haichuji Masizi ya Dizeli

Kila alfajiri, huko Walthamstow, ughaibuni kwenye baridi, Naftali alishuka barabarani akawasha vani yake ya dizeli. Kisha aliiacha ikinguruma, akarudi jikoni kunywa chai. Alitaka mkewe Jedidah akiingia garini akute joto. Mapenzi hayo, jamani!

Jedidah alitunza wazee, na zamu yake ilianza mapema. Joto lile alilipenda, asikudanganye mtu. Lakini vani iliegeshwa chini ya dirisha la Lydia, binti yao wa miaka saba, na Lydia alikuwa na pumu. Akicheka kidogo tu, kikohozi kinamkatiza. Mtoto mcheshi akaanza kuogopa kucheka. Hilo lilimuuma mama yake sana.

Basi Jedidah akatumia akili ya kwao Mombasa. Tui la nazi si huchujwa kwa kitambaa? Alilowesha leso, akaitundika kwenye dirisha lililo wazi. Jioni leso ilikuwa imeingia weusi.

"Unaona?" akajisifu. "Masizi yote yamenasa!"

Lakini Lydia aliendelea kukohoa.

Jumamosi moja aliingia jirani yao, Mama Surinder. Alizaliwa Nakuru, na kabla ya kustaafu alipima moshi wa injini kwenye maabara. Akaiona leso.

"Hii ni nini, Jedidah?"

"Chujio la moshi, mama."

"Wacha wee! Yamenasa machache tu. Mengi yamepita zamani."

Naftali akadakia. "Yapite vipi? Masizi si makaa? Si yataanguka chini barabarani?"

Mama Surinder akaomba pamba na punje moja ya maharagwe. Akainyambua pamba, akaviachia vyote pamoja. Punje ikaanguka mezani, to! Pamba ikashuka polepole, na Lydia akaipuliza ikaenda zake.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Chembe ya masizi si kitu kizima kama hii punje. Ni vitufe vidogo mno vilivyoshikana ovyo ovyo, kama kichala cha zabibu. Katikati mna nafasi tupu. Kichala kikikua, nafasi nazo zinazidi. Kwa hiyo chembe huwa nyepesi mno kwa ukubwa wake. Tena ni ndogo, huioni kwa macho. Inaelea hewani, inapenya tundu za leso, inafika ndani kabisa ya mapafu."

Naftali akaitazama leso. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni mimi ninayemkohoza mwanangu? Nilikuwa namwashia mama yake joto."

"Najua, mwanangu. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini nyinyi mmezidisha!"

Wakacheka wote. Lydia naye akacheka, akakohoa.

"Tufanye nini, mama?" Jedidah akauliza.

"Msiwashe gari mpaka mko tayari kuondoka. Liegesheni mbali na madirisha. Fungueni dirisha la nyuma, upande wa bustani, si la barabarani. Na dawa ya daktari msiiache."

Siku hiyohiyo Naftali alihamishia kitanda cha Lydia chumba cha nyuma. Asubuhi zilizofuata alikwangua barafu kwenye kioo, injini imezimwa. Jedidah aliketi ndani, blanketi magotini, meno yakigongana.

"Baba Lydia, leo umeniweka kwenye friji!"

"Vumilia, malkia wangu."

Akavumilia, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Majira ya baridi yakapita. Jumapili moja, wakitoka kanisani, Lydia alimpokonya baba yake ufunguo, akatangulia mbio. Akaingia ndani, akawafungia mlango. Mvua ikaanza.

"Fungua, wewe!" Naftali akagonga. "Tunalowa!"

Ndani mtoto akaangua kicheko. Akacheka, akapumzika, akacheka tena. Naftali akainua mkono kugonga. Jedidah akamshika.

"Ngoja kwanza," akanong'ona. "Hajakohoa."

Wakasimama pale mvuani, wamelowa chapachapa, wakimsikiliza akicheka.