Mchanga wa Chumbani kwa Mama

Kasiva alifagia chumba chake mara ya tatu siku hiyo, na kabla hajaurudisha ufagio nyuma ya mlango, mchanga ulikuwa umeshatanda tena chini ya kitanda.

"Fundi wako alikula pesa zetu," alimwambia binti yake. "Sakafu ya simiti gani hii, kila siku inatoa unga?"

Mutheu alicheka. Chumba kilikuwa na miezi minne tu. Alikuwa amekijenga nyuma ya nyumba yao ya Voi ili mama yake, mjane aliyeuza ndengu sokoni miaka thelathini, apate pa kulala pake mwenyewe. Aliinama akauchota ule mchanga ili amtetee fundi, na kicheko kikamkauka. Mchanga ulikuwa umelowa. Ulinuka udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza, na ilikuwa Oktoba, Voi haijaona tone tangu Mei.

Sasa, mtu mwingine angeutupa nje akaendelea na shughuli zake. Mutheu alikuwa mwanajiolojia, na watu hao mchanga hawautupi, wanaupima. Kazi yake ilikuwa kujua milima ya Taita inaliwa na mvua kiasi gani, na kinacholiwa kinakwenda wapi. Mapema mwaka huo alikuwa amepaka mawe arobaini na nane rangi ya manjano, akayaandika namba, akayapanga kwenye kijito cha juu ya Mraru. Mvua ya Aprili iliyaburuta, naye akayafuata bondeni moja moja, akiandika kila moja limesafiri umbali gani. Aliyapata arobaini na saba. Namba arobaini na nane lilipotelea kwenye mchanga wa mto, na hilo halikumkosesha usingizi.

Aliukausha mchanga wa mama yake, akauweka kwenye mizani. Gramu mia mbili na kumi. Kesho yake alifagia, akakausha, akapima. Mia mbili na kumi. Siku ya tatu, hivyo hivyo. Hapo alianza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu mvua, upepo na mchwa hawana adabu ya kupima. Mchanga wa siku ya kwanza aliuweka kwenye ndoo, pamoja na ule wa nyuma ambao mama yake alikuwa ameurundika pembeni ya mlango, na kila siku akaongeza humo; wa siku ya pili tu ndio aliutia kwenye mfuko na kuutuma kwa basi hadi Nairobi, kwa Donald, mwenzake wa chuo aliyefanya kazi maabara. Ndiyo ilivyokuwa desturi yake ya kazi: asichokielewa alimtumia Donald.

Kisha pete ya ndoa ya Kasiva ikaangukia kwenye gunia la ndengu. Wiki hiyo hiyo leso yake ikaanza kumteleza kiunoni. Alikuwa akila vizuri tu, na daktari alipima damu akaikuta safi. Mutheu alimsimamisha mama yake kwenye mizani asubuhi, na asubuhi iliyofuata tena, akatoa hesabu, akairudia. Mama yake alikuwa amepungua gramu mia mbili na kumi.

Siku hiyo saa nane mchana aliketi kando ya kitanda kumlinda. Mtaa ulikuwa kimya kwa joto. Kasiva alilala ubavu, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda, na Mutheu akasikia sauti ndogo, sauti ya mtu anayepepeta mchele bila haraka, akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akatazama darini, mpaka macho yake yakashuka kwenye vidole vya mama yake na kuona chembe zikidondoka kutoka katikati yake, moja moja, ilhali ngozi ilikuwa nzima na kavu na hakuna mahali popote zilipokuwa zikitokea, na harufu ya udongo uliolowa ikapanda mpaka akaisikia kooni, na chini ya sakafu, pale pale zilipoangukia zile chembe, kitu kikagonga mara moja, jiwe juu ya jiwe, kama mtu anayejisogeza akae vizuri.

Kasiva alifumbua macho.

"Kuna mtu nimemwota," alinong'ona. "Anasema ulimchukulia kitu alichokuwa akiegemea. Kwa hivyo ananiegemea mimi."

Mutheu aliinuka. Alichukua lenzi yake, akaukagua mchanga wa siku hiyo. Mchanga wa mto huwa na chembe za mviringo, zimesuguliwa njiani. Hizi zilikuwa na ncha kali, kana kwamba zimetoka mlimani leo. Katikati yake mlikuwa na vipande vidogo vya rangi ya manjano.

Alielewa, na aibu ikamshika kuliko hofu. Mchanga wa sakafu hii uliletwa na lori kutoka mtoni, na jiwe lililopotea lilikuja ndani yake. Na lile jiwe la arobaini na nane hakuwa ameliokota kijitoni. Alikuwa amepungukiwa na jiwe moja la duara, akaingia kwenye pango ambamo watu wa zamani walipanga mafuvu ya wazee wao. Mafuvu hakuyagusa, hata kofia aliivua. Lakini mbele ya fuvu moja palikuwa na jiwe la ukubwa ule ule alioutafuta, na kwake yeye jiwe lilikuwa jiwe.

"Hilo ni jini," Wakio, jirani yao wa sokoni, alisema kwa sauti ya chini alipoambiwa. Ndiye aliyewapeleka kwa Mzee Mwandawiro, fundi cherehani wa Mwatate, ambaye pango lile lilikuwa la ukoo wake.

"Wa mjini wataita jini," Mwandawiro alisema, akikata uzi kwa meno. "Huyu ni mtu wetu. Jiwe lirudi, na kila chembe iliyomtoka mama yako irudi nalo. Halafu tutatasa. Unajua kutasa ni nini?"

"Sijui, Mzee."

"Unapiga funda la pombe ya miwa, unalipuliza nje, unasema yote uliyo nayo moyoni. Yote. Ukificha kitu, umepoteza pombe yangu."

Ijumaa fundi wa ujenzi alivunja sakafu. Chini ya kitanda, ndani ya zege kavu, jiwe lilikuwa limelowa, na namba arobaini na nane ilisomeka vizuri. Walilipandisha hadi pangoni pamoja na ndoo ya mchanga. Mwandawiro aliliweka mahali pake, akaumwaga mchanga mbele yake, akapuliza funda lake. Kisha akampa Mutheu kibuyu.

"Kuna kitu kimebaki?"

Mutheu aliukumbuka mfuko wa Nairobi. Mfuko mmoja tu. Bila huo, nani angemwamini maishani kwamba haya yalitokea?

"Hakuna, Mzee," alisema, akapuliza.

Jumamosi chumba kilikuwa safi. Jumapili safi. Harufu ilikwisha, Kasiva alilala mpaka jua likapanda, na Mutheu, kwa furaha, aliifungia mizani kabatini. Jumanne asubuhi Donald akapiga simu.

"Ile sampuli yako, uliandika gramu mia mbili na kumi?"

"Ndiyo."

"Mpaka Ijumaa ilikuwa hivyo. Jumamosi nikakuta mara mbili. Jumapili mara tatu. Naikausha kwenye tanuri, inatoka imelowa. Mutheu, huu mchanga ni wa wapi?"

Mutheu alivuta mkoba wake. "Usiuguse. Nakuja kuuchukua leo hii."

"Ndiyo maana nimepiga, pole sana. Nilidhani kuna mtu ananichezea. Nimeumwaga kwenye sinki sasa hivi, nikafungulia maji mpaka wote ukaisha."

Hakuna aliyejua kuliko yeye mchanga ulikokwenda. Ungepita kwenye mabomba, uingie mtoni, mto uingie Athi, Athi ishuke mpaka baharini Malindi, na huko hata chembe moja isingepatikana ya kurudishiwa mwenyewe.

"Mutheu," Kasiva aliita kutoka chumbani, kwa utulivu tu. "Niletee pini, mama. Leso hii imeanza tena kuteleza."