Uzito wa Kiti cha Nyuma

Rubani alishuka bila utani wake wa kawaida. Alimuuliza mama mpakiaji kama alikuwa ameongeza mfuko wa mchanga kwenye kiti cha nyuma. Mama akasema hapana, ni ule ule mmoja.

"Basi leo pua ilikuwa nyepesi, shemeji. Mkia ulikuwa unanivuta."

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya viti sita. Rubani akiruka peke yake pua hulemea, kwa hiyo nyuma lazima kuwe na kitu cha kuisawazisha. Miaka yote kitu hicho kilikuwa mume wa mpakiaji, fundi wa ndege, mtu wa kitambi, aliyejisifu kwamba yeye ndiye mzigo pekee duniani unaolipwa mshahara. Homa ikamchukua. Mkewe, ambaye kazi yake ni kupima mabegi na kuyapanga, akaweka mchanga mahali pake.

Alipoutoa mfuko ule, ndege iliruka sawasawa, kiti kikiwa kitupu. Alipoingia kufagia alikuta mkanda wa kiti umefungwa, na harufu ya grisi na sabuni ya unga, harufu ya mikono ya marehemu. Hakumwambia mtu. Tangu hapo hakupakia kitu pale. Abiria wakiuliza, aliwaambia kiti ni kibovu.

Lakini uzito ulizidi. Mchana mmoja, akiwa peke yake bandani, aliuona mkia unashuka taratibu, kama mtu mnene anayekaa kwa kujivuta, ukashuka hadi ukagusa sakafu na gurudumu la mbele likaning'inia hewani, na ndani, nyuma ya kioo kilichoanza kuingia ukungu, kitu kikawa kinapumua kwa namna ambayo fundi hakuwahi kupumua, pumzi ndefu nzito inayoingia na kuingia, na isiyo na haraka ya kutoka.

Safari hii alimweleza rubani, naye akamleta mganga, bibi mmoja mwenye magoti mabovu, aliyepanda ndegeni kwa shida na kushuka upesi.

"Huyo si mumeo, mwanangu," alinong'ona. "Ni jini. Amekuta umeacha nafasi wazi, akakaa. Kila ukimtunzia nafasi, ananenepa. Ataiangusha ndege."

Dawa aliyotoa ilikuwa moja: mjane akipakie kiti kile kwa mikono yake mwenyewe, na amwambie aliyekaa aondoke.

Mama hakugusa begi hata moja. Rubani hakumlaumu. Alimweleza tu kwamba kuna familia inayosubiri, wana mtoto mchanga, na ndege itajaa.

"Mimi pia namkumbuka, shemeji," akasema. "Ila siwezi kuruka na huyu."

Mama akapakia. Mabegi mawili, mkanda juu yake, akaukaza. "Hapa hapana nafasi tena," alisema. Baridi ikampita kifuani, mkia ukainuka. Ndege ikaondoka imenyooka, na yeye akaitazama mpaka ikapotea.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado kali, akajilaza upande wake wa kitanda bila kuvua viatu. Nyuma yake godoro likabonyea, taratibu, kwa kujivuta. Ikaja harufu ya grisi na sabuni, kisha pumzi ile ndefu. Alijua si mumewe.

Akasogea ukutani, akampa nafasi.