Majivu Hayalali Ndani

Aliyeibwa alikuwa mtu aliyekufa miaka miwili iliyopita.

Ndivyo mama mgeni alivyotaka iandikwe. Konstebo Lallan alikuwa ameshika kalamu hewani, hajui aiteremshe wapi. Fomu ya malalamiko ilikuwa na nafasi ya mali iliyoibwa. Haikuwa na nafasi ya mtu.

"Tuandike kopo, mama," alisema Lallan kwa upole. "Kopo moja la biskuti, la buluu."

"Si kopo. Ni mwanangu. Anaitwa Sindre."

Inspekta Urmila Chaubey alivua viatu mlangoni mwa nyumba ya wageni, akaingia. Unga wa rangi ya chungwa ulikuwa bado mbichi katika paji la uso wake. Kila asubuhi alisimama kwenye kihekalu cha mungu Hanuman pale kona ya kichochoro, na kwa miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa na ombi moja tu: leo nisimwonee mtu.

"Andika jina lake, Lallan. Nafasi ikiwa ndogo, andika pembeni."

Mama huyo, Torill Haugen, alikuwa muuguzi kutoka Norwe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na begi la mgongoni kubwa kuliko yeye. Alijibu bila kulia, kama mtu aliyekwishamaliza machozi.

"Uliliona kopo mara ya mwisho lini?"

"Alfajiri. Nilikwenda kuoga. Niliporudi, halipo."

"Pasipoti?"

"Ipo."

"Kamera? Fedha?"

"Vyote vipo. Wamemchukua yeye tu."

Sindre alikuwa amepita katika mji huu wa Banaras, India, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Alimwandikia mama yake kadi: siku moja lazima uuone mto huu. Majuma mawili baadaye alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara za milimani, majivu yake yakapelekwa nyumbani. Sasa mama alikuwa amemrudisha. Asubuhi kumi na moja mfululizo alishuka na kopo hadi kwenye maji ya mto Ganga, na asubuhi kumi na moja alipanda nalo tena, mkono umekataa kulifungua.

"Viza yangu inakwisha kesho," alisema. "Treni yangu ya Delhi ni leo, saa kumi na dakika arobaini. Sitaondoka bila yeye, afande. Mnifunge mkitaka."

Urmila alitazama begi. Lilifungwa kwa mnyororo na kufuli la namba, kama lile ambalo kila msafiri hununua kabla ya kulala kwenye treni. Kufuli halikuvunjwa. Mtu alizungusha namba, akatoa kopo, akafunga tena vizuri.

"Nani anaijua namba?"

Torill alisita. "Linta na Nahuel. Niliugua tumbo kwenye treni, nikawaomba wanitolee dawa. Lakini hao ni watoto wangu wa safari. Hao usiwaguse."

Urmila alichuchumaa. Kando ya mguu wa kitanda aliona punje nne za ufuta mweusi. Aliziokota moja moja, akazifunga kwenye karatasi.

Mwenye nyumba ya wageni, Girdhari Pathak, alikuwa barazani na tambuu mdomoni. Hakungoja aulizwe.

"Nilimwambia, afande! Majivu hayalali ndani ya nyumba ya watu. Yanafungwa kitambaa, yanatundikwa nje kwenye mti wa pipali mpaka siku ya mto. Nani asiyejua? Yeye anayalaza kitandani kama mtoto wa kunyonya!"

"Kwa hiyo ukayatoa."

"Mimi? Niyaguse? Halafu nikaoge mara tatu na baridi hii?"

Lallan alimnong'oneza Urmila sikioni. "Afande, huyu anatosha. Tumchukue."

"Kwa kosa gani? Kutopenda kuoga?" Alimgeukia mzee. "Jikoni kwako mnatumia ufuta mweusi?"

Girdhari nusura ameze tambuu. "Ufuta mweusi ni wa ibada ya marehemu! Wateja wangu wa hapahapa mjini wauone kwenye chakula? Si watanikimbia wote!"

Urmila alitikisa kichwa taratibu. Mwizi aliyebeba ufuta wa marehemu hakuja kuiba kopo. Alikuja kumchukua Sindre.

Linta Kuriakose alikuwa juu ya paa, anakula kachori. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Kerala, aliyechukua likizo ya mwaka azunguke nchi yake na begi moja.

"Mimi nilikuwa ghatini, kwenye ngazi za mtoni, tangu alfajiri, napiga picha za jua," alisema, akanyoosha simu. "Kila picha ina saa yake. Jumlisha mwenyewe."

Urmila alizipitia. Hesabu ilikaa sawa.

"Na Nahuel?"

"Nahuel wa Ajentina? Yule kazi yake kubeba mizigo ya watu. Tangu Jaipur anabeba begi la Mama Torill, na mguu wake ule mbovu! Nikamwambia, kaka, wewe ni mtalii au punda? Anacheka tu."

"Walikutana Jaipur?"

"Kwenye nyumba ya wageni. Mama anasema ni Mungu aliyewakutanisha."

"Wewe unasemaje?"

Linta aliacha kutafuna. "Mimi nasema yule kaka alitutangulia pale kwa siku tisa, na mhudumu aliniambia kila basi likifika anatoka kulitazama. Nilidhani anamngoja mchumba." Alifuta vidole. "Afande, msimpige. Ni mtu mwema."

"Hapigwi mtu hapa."

Nahuel Ferreyra aliingia saa nne asubuhi, anachechemea, kipara kinang'aa. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na saba. Jana yake tu alikuwa na nywele za kufika mabegani.

Lallan alicheka. "Mwingine huyo! Wa sita wiki hii. Wakifika Banaras tu, nywele zinaanza kuwawasha."

Urmila hakucheka. Kijana alipogeuka kuweka viatu, aliona kisogoni kishungi kidogo cha nywele, unene wa kidole, kilichoachwa bila kunyolewa.

"Umenyolewa wapi, kaka?"

"Stesheni. Joto lilizidi."

"Joto? Mwenye nyumba analalamikia baridi."

Kijana alipanga viatu vyake upya.

"Kinyozi wa stesheni humaliza kichwa chote, ana foleni," alisema Urmila. "Hicho kishungi huachwa na vinyozi wa ghatini, wakimnyoa mfiwa anayeshika ibada. Na hawashiki wembe kabla ya kukuuliza umefiwa na nani. Uliwaambia nani?"

Mkono wa Nahuel ulipanda kisogoni, ukagusa kile kishungi. Alikuwa hajui kama kipo.

"Kaa hapo," alisema Urmila. "Mzee Girdhari, niletee madaftari ya wageni. Ya mwaka juzi."

Sheria inamtaka kila mwenye nyumba ya wageni aandikishe mgeni wa nje: jina, pasipoti, anakotoka, anakokwenda. Girdhari hakuwahi kutupa daftari hata moja. Lallan alipuliza vumbi, akapiga chafya, akapitisha kidole kwenye mwezi wa Aprili.

"Huyu hapa. Haugen, Sindre. Chumba cha saba." Kidole kilishuka mstari mmoja, kikakwama. "Afande."

Mstari uliofuata uliandikwa: Ferreyra, Nahuel. Chumba cha saba. Kutoka Khajuraho. Kwenda Manali, milimani.

Girdhari alivaa miwani, akamtazama kijana kwa muda. "Huyu? Yule wa mwaka juzi alikuwa na ndevu mpaka kifuani! Nawaona wageni elfu, nitamkumbuka nani?"

Urmila alifunga mlango wa ofisi ndogo. Ndani walibaki watatu: yeye, Lallan na Nahuel.

"Kopo liko wapi?"

"Salama."

"Umemmwaga mtoni?"

"Hapana! Nilitaka. Sikuweza." Alifunika uso kwa viganja. "Kinyozi nilimwambia nimefiwa na ndugu yangu. Akanipeleka kwa kuhani. Kuhani akanivisha pete ya nyasi, akanimiminia maji ya mto kiganjani, akaniambia nitaje jina la marehemu, jina la baba yake, na mimi ni nani wake. Nikataja jina. Nikamtaja baba. La tatu likanikwama. Maji yakachuruzika yote kwenye vidole."

"Wewe ni nani wake, Nahuel?"

Nje, muuza maziwa alikuwa anagombana na ng'ombe aliyeziba kichochoro.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Lallan alinyanyua kichwa. "Ripoti inasemaje?"

"Inasema ni Sindre. Niliwaambia hivyo hospitalini. Mguu umevunjika, sijui lugha ya mtu, askari amesimama kitandani. Niliogopa jela. Nikasema, yeye alikuwa mbele, alikwenda kasi. Amekufa, haitamuumiza." Aligusa mguu wake mbovu. "Ilimuumiza mama yake. Baba yake hakuja safari hii, mnajua kwa nini? Mama Torill alitusimulia kwenye treni. Baba anasema mwanawe alijiua kwa upumbavu wake mwenyewe. Tangu mazishi hajataja jina lake."

"Jaipur ulimngoja."

"Aliandika kwenye ukurasa wa wasafiri mtandaoni kwamba anakuja. Nilikuja nimwambie siku ya kwanza. Akanikaribisha chai. Nikasema kesho. Kesho ikawa majuma sita, kila asubuhi nambebea begi na kopo lile ndani. Juzi aliniambia: Nahuel, sina nguvu ya kumwachia. Nikajiambia, mimi ndiye niliyemtia kwenye kopo, basi nimtoe mimi. Nikanunua ufuta mweusi, nimfanyie ibada kwa siri, mama akute limekwisha, apande treni."

"Ungemwibia mara ya pili," alisema Urmila.

Nahuel aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Kuhani aliniuliza swali moja tu, nikaliona."

"Amelala wapi sasa?"

"Nje. Kuhani alinifungia kopo kwa kitambaa chekundu, akanionyesha mti. Alisema majivu hayalali ndani."

Urmila alijua sheria ilitaka nini, na alijua pia saa. Zilibaki saa sita kabla ya treni.

"Haya ya ajali nitayapeleka kwa polisi wa kule, kwa maandishi na sahihi yako. Watakalofanya ni lao. Unaelewa?"

"Peleka."

"Lakini kwanza utamwambia yeye. Si mimi. Wewe."

Mti wa pipali ulikuwa juu ya ngazi za ghati, umejaa vyungu vya maji vilivyotundikwa kwa ajili ya marehemu. Kati ya vyungu hivyo lilining'inia fundo jekundu. Torill, aliyeambiwa tu kwamba amepatikana, aliliona kutoka mbali. Alikimbia pale, akalikumbatia bila kulishusha, shavu kwenye kitambaa.

"Nani?" aliuliza. "Nani amemweka hapa?"

Nahuel alipiga magoti kwenye jiwe. Alisema yote, hakuacha kitu, wala hakusema aliogopa ila mara moja. Linta, aliyewafuata, alifunika mdomo. Lallan alitazama mto.

Torill alisikiliza hadi mwisho. Kisha alimpiga kofi, moja, lililosikika mpaka kwenye mitumbwi. Urmila hakusogea.

"Alikuwa amevaa kofia ngumu?" aliuliza Torill. "Ripoti inasema hakuwa nayo. Miaka miwili najiuliza, nilimlea vipi mtoto asiyevaa kofia?"

"Ilikuwa moja," alisema Nahuel. "Yangu ilipotea Khajuraho. Asubuhi ile alinivika yake. Nilikataa, akaifunga mwenyewe hapa chini ya kidevu. Alisema anayeendesha ndiye anayevaa."

Mama alikaa kwenye ngazi. Hatimaye alitoa simu.

"Utamwambia baba yake. Sasa hivi, kama ulivyoniambia mimi."

Simu iliita mara nyingi. Torill alisema maneno machache ya lugha yao, akaiweka sauti kubwa, akamkabidhi Nahuel. Kijana alizungumza kwa Kiingereza, polepole, na akilini mwake hakika alikuwa anaona barabara ile. Alipomaliza, aliisogeza simu karibu na Torill. Urmila alidhani simu imekatika.

Kisha mzee aliuliza kitu kimoja.

"Ilikuwa nyekundu? Hiyo kofia?"

"Ndiyo. Nyekundu, na mstari mweupe."

"Mimi ndiye niliyemnunulia," alisema baba. Kisha aliita, "Sindre. Sindre wangu," na baada ya hapo lilikuwa ni kilio cha mtu mzima asiyejua kulia.

Torill alichukua simu, akaishikilia kifuani. Alimwonyesha Lallan kwa kidole ashushe fundo. Lallan alivua viatu, akalishusha kwa mikono miwili.

Kuhani alikuwa palepale alipokuwa asubuhi, chini ya mwavuli wa nyasi. Alimtambua Nahuel, akamtazama Torill. Alimimina maji katika kiganja cha mama, akaanza maswali yake yaleyale. Jina la marehemu. Jina la baba. Wewe ni nani wake?

"Mama yake," alisema Torill.

"Na huyu aliyenyoa kwa ajili yake?"

Nahuel alirudi nyuma hatua moja. Torill alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, si kwa upole.

"Alikuwa naye," alisema. "Siku ya mwisho, huyu ndiye aliyekuwa naye."

Kuhani alifikiri kidogo, kisha akamimina maji katika kiganja cha Nahuel pia.

Walipanda mtumbwi wote wanne pamoja na kuhani, hata Lallan, ambaye alisema anapanda kwa ajili ya ushahidi. Linta alishika kopo lisianguke. Katikati ya mto Torill alilifungua mwenyewe. Urmila aliyebaki ngazini alifumba macho na kuomba, safari hii bila kutaja neno la kazi.

Saa nane na nusu Nahuel alitia sahihi maelezo yake kituoni, kurasa nne. Saa kumi, Linta alibeba begi la Mama Torill hadi stesheni, analalamika njia nzima kwamba sasa punda ni yeye. Kopo la buluu lilikuwa limeoshwa. Ndani yake, kwa ajili ya safari, Girdhari alikuwa amemtilia mikate ya puri, viazi na achari ya embe, na hakutaka kusikia asante.