Kijiko na Trei ya Matabaka

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika kwenye dirisha la jikoni, Kijiko alikuwa ameshafunga aproni na kusimama kando ya mama yake. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelikumbuka. Baba yake, fundi umeme aliyependa utani kuliko chai, ndiye aliyembandika hili la Kijiko tangu utotoni, kwa sababu hakuna kijiko wala mwiko uliopita mezani bila yeye kuulamba. Sasa alikuwa darasa la sita na hakulamba tena, au tuseme hakulamba mbele ya watu.

Mama yake alikuwa mwokaji. Keki, biskuti na mikate midogo vyote vilitoka katika oveni moja kuukuu ambayo mlango wake ulifungwa kwa kipande cha waya. Lakini kilichompa sifa mtaa mzima ni vipande vya oti na chokoleti, ambavyo nyumbani waliviita matabaka. Chini kulikuwa na tabaka la oti, zile nafaka bapa za uji, pamoja na unga, sukari na siagi. Katikati kulikuwa na chokoleti iliyoyeyushwa pamoja na maziwa mazito ya kopo. Juu zilinyunyizwa chenga za oti, zikaokwa mpaka zikawa rangi ya asali. Yote yakishapoa, Mama alitoa kisu kirefu kwenye droo na kukata vipande vya mraba vilivyosimama imara, kila tabaka likionekana.

Kisu hicho hakikushikwa na mtu mwingine. "Siku nitakayokupa kisu hiki," Mama alizoea kumwambia Kijiko, "ujue umekuwa mwokaji." Na Kijiko aliingoja siku hiyo kwa hamu kubwa.

Halafu akaja mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, msichana mdogo kwa Kijiko kwa miezi michache tu. Mama mdogo alikuwa amekwenda masomoni mbali, na mpaka arudi, mwanawe angekaa kwao na kusoma darasa moja na Kijiko. Alikuwa mtoto asiye na makuu. Akiosha kikombe, alikiosha ndani, nje, na kwenye kishikio chake. Akitembea, ungedhani anaogopa kuiamsha sakafu. Haikupita wiki Baba akambatiza Taratibu.

"Sasa nyumba imekamilika," Baba alisema akicheka. "Kijiko akizidisha mwendo, Taratibu atamshika breki!"

Kila mtu alicheka isipokuwa Kijiko. Moyoni mwake yule hakuwa Taratibu wala ndugu. Alikuwa mgeni, basi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakuwa na jembe, akampa mwiko, na hapo ndipo roho ya Kijiko ilipoanza kuwaka. Jumamosi ya kwanza tu, Taratibu alipima oti kikombe baada ya kikombe, akisawazisha kwa mgongo wa kisu kidogo. Mama akasimama kumtazama.

"Ona mikono hii!" alisema. "Hata chembe moja haijamwagika."

Kijiko alitazama upande wake wa meza, uliojaa oti kama uwanja wa kuku. Miaka yote alimwaga na hakuna aliyesema neno. Kwa nini leo kutomwaga kuwe sifa? Tangu siku hiyo alimwonea wivu. Taratibu akisifiwa, Kijiko alinuna. Taratibu akiitwa "mwanangu", Kijiko alihisi kama ameibiwa kitu chake mchana kweupe.

Shuleni nako kulikuwa na jambo. Mpishi wa shule, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa anastaafu. Darasa la sita lilikubaliana kumwandalia kitu kitamu Jumamosi alasiri, siku ya kumuaga, kwa sababu alikuwa amewapikia wote miaka hiyo yote na hakuna aliyewahi kumpikia yeye. Mwalimu alipouliza nani ataleta nini, mkono wa Kijiko uliruka juu.

"Mama yangu ataoka matabaka," alisema. Kisha ulimi ukamteleza. "Na mimi ndiye nitakayeyakata."

Darasa zima likapiga makofi. Taratibu, aliyejua vizuri kwamba kisu hakijawahi kutoka mkononi mwa Mama, alimtazama mara moja tu, akainamisha macho kwenye daftari lake. Kijiko alichukia hata huko kunyamaza kwake.

Jumamosi ilipofika, Mama aligawa kazi. "Leo tabaka la chini ni la Taratibu. Kijiko, wewe utashika chokoleti."

"Lakini Mama, chini huwa ni kwangu!"

"Na katikati huwa ni kwako, na juu huwa ni kwako. Mwachie mwenzako naye apate pa kushika."

Mama alikuwa na keki ya kupeleka kwa mteja wa mtaa wa pili. Alipokuwa mlangoni na boksi mkononi, Taratibu akiwa bado uani ananawa mikono, aligeuka. "Kijiko, mwonyeshe mwenzako kushindilia kwa glasi. Ashindilie kwelikweli, maana chini kukilegea, juu hakuna kitu. Likishaokwa mliache lipoe kidogo, ndipo mmimine chokoleti na chenga, mrudishe ndani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Glasi hiyo ilikuwa kwenye rafu, nene na nzito, kitako chake kimelika kwa kazi. Taratibu hakuijua. Alimwaga mchanganyiko wa oti kwenye trei, akautandaza kwa ncha za vidole mpaka kila pembe ikafikiwa. Ulipendeza kuutazama, lakini ulikuwa umekaa juu juu tu, kama mchanga uliotoka kuchekechwa.

"Dada," aliuliza, "ndiyo basi? Hakuna kingine?"

Kijiko aliitazama glasi. Ilikuwa karibu, angenyoosha mkono tu. Alikumbuka "ona mikono hii", akaipa glasi mgongo.

"Ndiyo basi," alisema.

Trei ikaingia ovenini. Ilipotoka, Kijiko alimimina chokoleti mwenyewe, akanyunyiza chenga juu, akairudisha. Harufu nzuri ilijaa nyumba nzima mpaka Baba akapiga chafya ya makusudi kule sebuleni ili akumbukwe. Kwa juu, matabaka yale yalionekana hayana kasoro.

Mama alirudi, akaitoa trei ovenini na kuiacha ipoe dirishani. Kisha akashika karatasi ya kuokea iliyotandikwa chini ya matabaka kwa pande zote mbili, akainua. Kitu cha kwanza kuanguka kilikuwa pembe. Halafu nusu nzima ikamomonyoka. Chokoleti ilikuwa imezama ndani ya oti zilizolegea, na chini hakukuwa na kitu cha kuibeba. Kufumba na kufumbua, mezani kulikuwa na rundo.



"Ni mimi, Mama mkubwa," Taratibu alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mikono yangu. Sikuipanga vizuri."

"Si neno, mwanangu. Anayejifunza huharibu."

Lakini Taratibu alikuwa ameshafungua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. "Afadhali niwe naosha vyombo tu. Vyombo siviharibu." Akabeba sufuria ya chokoleti na vikombe, akatoka kwenda kwenye bomba la uani.

Kijiko alikuwa ametegemea kufurahi. Alingoja furaha ije, haikuja.

Mama alitazama saa ya ukutani, kisha akafungua kabati. "Oti zilizobaki zinatosha tabaka la chini tu. Chokoleti ipo ya kubanabana. Haya, Kijiko, tutaanza upya, na safari hii kila kitu ni wewe." Akavuta droo, akatoa kisu kirefu, akamgeuzia mpini. "Na leo utakata. Nimekuangalia. Mwenzako ameharibu na hukumcheka hata kidogo. Huko ndiko kukua."

Kijiko alikipokea kisu. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Hiki ndicho alichokingoja miaka yote, na darasa zima lilikuwa linangoja matabaka aliyoyakata yeye. Kutoka uani ilisikika sauti ya maji na ya kikombe kinachosuguliwa polepole, ndani, nje, na kwenye kishikio chake. Sifa ya Mama ilimchoma kuliko ambavyo kofi lingemchoma.

"Mama, shika kisu chako," alisema, akimrudishia mpini. "Si mikono yake. Ni mimi. Sikumwambia habari ya glasi. Aliniuliza kama kuna kingine, nikamwambia ndiyo basi."

Mama aliitazama rafu. Glasi ilikuwa palepale, safi na kavu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu unamsifu. Kwa sababu yeye hamwagi. Kwa sababu kabla hajaja tulikuwa mimi na wewe tu." Na hapo Kijiko alilia kilio cha wazi, cha kamasi na kwikwi.

Mama hakufoka. Alikichukua kisu, akakirudisha kwenye droo, akaifunga. "Nenda kamwambie hayohayo," alisema. "Mimi siye niliye bombani nikilia kwa kosa lako."

Safari ya kutoka jikoni hadi bombani ilikuwa fupi, lakini miguu ya Kijiko iliiona ndefu. Alichuchumaa kando ya Taratibu.

"Ile glasi nene ya kwenye rafu ni ya kushindilia tabaka la chini," alisema. "Mama aliniambia nikuonyeshe. Nilijua, nikakuficha kwa wivu tu. Nisamehe."

Taratibu aliendelea kusuuza kikombe. Alikisuuza muda mrefu sana.

"Nilikuwa nafikiri," alisema mwishowe, "mama yangu ameniacha kwa watu wema, na mimi nawaharibia chakula. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia akipiga simu."

Kijiko aliokota kikombe kingine, akaanza kukisuuza.

"Umeniumiza," Taratibu alisema. Alifuta mikono kwenye sketi yake, akasimama. "Lakini njoo unionyeshe hiyo glasi. Na usinifiche tena, dada. Mimi huwa nauliza mara moja tu."

Walirudi jikoni pamoja. Kijiko alikipaka siagi kidogo kitako cha glasi ili kisinase, akaonyesha jinsi ya kuikandamiza. Yeye alikuwa na nguvu lakini aliziruka pembe kwa haraka zake; Taratibu hakuwa na nguvu sana lakini hakuna pembe iliyomponyoka. Wakapokezana glasi, mmoja akibonyeza katikati na mwingine akimalizia kandokando, mpaka tabaka likawa gumu kama sakafu. Lilipookwa na kupoa, wakamimina chokoleti iliyobaki.

"Sasa juu tutaweka nini?" Mama aliuliza. "Oti zimekwisha."

Taratibu alilitazama lile rundo lililokuwa bado mezani. "Mama mkubwa, hizo si chenga tayari?"

Mama aliangua kicheko mpaka akashika kiuno. Walilivunjavunja rundo na kulinyunyiza juu, na trei ikarudi ovenini. Iliyotoka ilikuwa na chokoleti katikati na chokoleti juu, na hakuna aliyewahi kuona matabaka ya namna hiyo. Mama alikata mwenyewe. Hakuna kipande kilichomomonyoka.

Alasiri hiyo familia nzima ilikwenda shuleni na trei, na wanafunzi walimzunguka Kijiko. "Hebu tuone! Umeyakata wewe?"

Uso ulimwaka. "Hapana, amekata Mama," alisema. "Niliwadanganya. Mimi sijafika huko."

Wengine walicheka, na ilimbidi avumilie. Mpishi wa shule alichukua kipande, akakigeuza huku na huku kabla ya kung'ata. "Vitu vya oti hunimwagikia kifuani kila siku," alisema kwa ile sauti yake ya kengele. "Hiki kimesimama! Nani aliyeshindilia chini?"

"Mimi na mdogo wangu," Kijiko alijibu.

Taratibu aliinua macho haraka. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo.

Njiani kurudi nyumbani, Taratibu alitangulia na Baba, aliyekuwa akimsimulia kisa cha uongo kuhusu nyaya. Kijiko alibaki nyuma na Mama, trei tupu kwapani.

"Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," Mama alisema. "Umeyaona mwenyewe leo. Ulitaka kumharibia mwenzako, na kilichoharibika ni chakula cha wote. Tena sikiliza, mwanangu. Trei nikimkatia mtu kipande, hupungua. Mapenzi ya mzazi si trei. Nikimpenda yule, chako kiko palepale."

Kijiko alihamishia trei kwapa la pili. "Kisu je, Mama? Nimekikosa kabisa?"

"Kosa umelifanya mwenyewe, na umelisema mwenyewe bila kushikwa. Yote mawili nayakumbuka. Siku utakayomfundisha mwenzako kila unachokijua, hata asipouliza, njoo uniambie tufungue droo."

Kijiko aliongeza mwendo, akamfikia Taratibu na kumshika mkono. "Sikiliza," alisema, akihema. "Kuna jambo jingine kuhusu ile chokoleti, hujaniuliza bado."