Mstatili wa 1,524

Dada yangu Adventina alikuja ofisini kwetu Nyakato siku ya Jumanne, saa saba kasoro dakika ishirini mchana, akiwa na flashi aliyoifunga kwenye leso. Naitaja saa kwa sababu watu hudhani mambo haya yanahitaji giza. Jua lilikuwa limejaa mezani. Wenzangu wawili walikuwa wametoka kwenda kula.

Ndani ya flashi kulikuwa na mchoro wa nyumba. Aliuchora mumewe, Osward, kwa ajili ya kiwanja chao cha Usagara, siku chache kabla ya mtumbwi aliopanda kupinduka ziwani akitoka kupima ardhi Ukerewe. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Abiria wengine walipatikana. Yeye hakupatikana. Kwao Kagera wazee walingoja, kisha wakafanya ilivyo desturi: wakakata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika badala yake. Adventina hakwenda. Alisema hawezi kuulilia mgomba. Tangu hapo hakudondosha chozi hata moja, na kila Jumamosi aliendelea kupiga rangi viatu vya mumewe.

Sasa alitaka kujenga. Fundi Ngosha angeanza kuchimba msingi Jumatatu na alihitaji mchoro uliochapwa.

"Akirudi aikute imesimama," dada akasema.

Nilichokiogopa ni hicho: kwamba nyumba itaisha, ahamie humo, amngoje mpaka azeeke.

Programu yetu ilikataa kulifungua faili, maana Osward alitumia nyingine. Nikafanya tunavyofanya wachoraji siku zote. Nikaingia kwenye tovuti ya kubadilisha faili, nikalipakia, nikachagua aina ninayoitaka, nikalipakua. Dakika mbili.

Likafunguka vizuri. Vyumba vitatu, sebule, jiko. Lakini uani, mita tisa kutoka mlango wa jiko, kulikuwa na mstatili mwembamba. Nikaupima, mimi hupima kila kitu. Urefu milimita 1,524. Upana 610. Mchoraji hachori vipimo vya namna hiyo. Tungeweka 1,500 na 600. Nikamuuliza dada kama ni shimo la maji taka. Akasema Osward angeandika.

Nikadhani tovuti imekosea. Hutokea: maandishi hupotea, mistari huhama. Nikalipakia upya faili lile lile kutoka kwenye flashi, nikachagua aina nyingine.

Mstatili ulikuwa mlangoni pa jiko.

Dada akasogeza kiti karibu. Nikajaribu tovuti tofauti kabisa. Safari hii ulikuwa ndani, kwenye korido. Haukukata ukuta wowote. Ulikuwa umepita mlangoni na kukunja kona, kama mtu anayeijua nyumba.

"Koku," dada akanong'ona. "Anakuja."

"Ni kosa la tovuti, dada."

"Fanya tena."

"Sitaki."

"Mdogo wangu, tafadhali. Umebaki mlango mmoja."

Mlango uliobaki ulikuwa wa chumba chao. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo kwa miezi kumi na minne, na ndilo lililonitoa jasho. Nikaichomoa flashi, nikaifumbata. Ilikuwa baridi. Ilikuwa imelowa.

Nikatoka kibarazani nayo. Namba ile haikuniacha. Nikaigawanya kwenye simu: futi tano kamili. Upana, futi mbili. Sisi hatuchori kwa futi. Wanaopima kwa futi ni wazee.

Nikampigia mzee Yakobo, baba mdogo wa Osward, aliyesimamia mazishi. Baada ya shikamoo nikamuuliza lile kaburi walilichimba kwa kipimo gani. Akasema futi tano kwa mbili. Shina lilikuwa fupi, ardhi ina mawe, hawakuona haja ya kuwachosha wachimbaji. Kisha akauliza nani ameniambia.

Nilirudi ndani nikiwa nimeamua kuficha. Nikashindwa.

"Ni kaburi, dada. Lile la mgomba. Futi tano."

Aliitazama skrini. Osward alikuwa mtu wa kuinama kila anapoingia kwenye nyumba za watu.

"Futi tano?" akasema polepole. "Osward wangu? Wamemkunja?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Amekufa, Koku," alisema. "Amekufa, na hana pa kunyoosha miguu."

Alhamisi tulipanda basi kwenda Kagera. Mzee Yakobo hakubisha. Walifukua upande wa miguuni, wakaongeza futi moja na nusu. Adventina akamwaga udongo kwa mkono wake, na wanawake wakalia naye upya, kana kwamba habari imefika asubuhi ile.

Jumatatu saa mbili asubuhi Ngosha alikuwa ofisini anasubiri, dada pembeni yake. Nikalibadilisha faili mara ya mwisho. Nikapita uani, jikoni, koridoni. Mstatili haukuwepo. Nikashusha pumzi.

Kisha nikafika chumbani kwao.

Osward alikuwa amechora humo kitanda cha sita kwa sita, kipimo cha futi cha madukani, chenye mito miwili. Nina uhakika, Jumanne nilikipima. Sasa kulikuwa na kitanda cha tatu kwa sita, kimesogezwa ukutani. Mto mmoja. Nikaikagua flashi. Tarehe ya mwisho ya kuhariri faili ilikuwa ile ile, siku tano kabla ya mtumbwi kupinduka. Baadaye nililifungua kwa rafiki mwenye programu kama ya Osward, bila kulibadilisha aina. Tatu kwa sita.

Asubuhi hiyo ofisini nikamwambia dada nitakirudisha kile kikubwa, ni kazi ya dakika moja. Akanishika mkono.

"Chapa hivyo hivyo."

Nikachapa nakala tatu. Ngosha akaitandaza yake mezani, akacheka. Chumba kikubwa namna hii, kitanda cha mtu mmoja. Akasema huyu mchoraji alijisahau.

"Hakujisahau," dada akasema, akiikunja nakala yake taratibu. "Ameaga."