Kitufe cha Nne

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa kama ya nywele zilizoungua kisha zikamwagiwa maji, nayo ilikaa pembeni mwa meza ya Bwana Najua, mahali pamoja tu. Ukisogea kidogo huisikii tena. Mkewe aliinusa asubuhi alipoingia kufungua mapazia. Akauliza kama kuna waya unaoungua. Bwana Najua akamjibu bila kugeuka kwamba waya ukiungua hunuka plastiki, na mtu asiyejua tofauti ya plastiki na nywele afadhali ashughulike na mapazia.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na waliomfanyia kazi, kwa sababu sentensi zake zote zilianza na neno hilo moja. Alikuwa na ofisi ya kupanga vitabu katika chumba cha mbele cha nyumba yake: mswada unaingia ukiwa rundo la karatasi zilizochafuka, unatoka ukiwa kurasa zilizonyooka, tayari kwa kiwanda cha uchapaji. Aliajiri mpigachapa, mchoraji na msahihishaji, kila mmoja na kompyuta yake, skrini yake na kibodi yake. Watu hao watatu ndio waliokuwa ofisi. Yeye alikuwa kelele.

Asubuhi moja akawafukuza wote. Akawaambia kazi yao ni ya vidole tu, na vidole hata yeye anavyo. Skrini na kibodi zao akazitupa stoo. Kompyuta zenyewe akazipanga chini ya meza yake kama mbuzi zizini, akaziunganisha zote na kisanduku cheusi chenye vitufe vinne. Akibonyeza cha kwanza, skrini yake inaonyesha kazi zilizo kwenye kompyuta ya mpigachapa. Cha pili, za mchoraji. Cha tatu, za msahihishaji. Kibodi ileile, kioo kilekile, yeye peke yake. Kitufe cha nne hakikuwa na kazi. Tundu lake la nyuma lilikuwa limezibwa kwa kifuniko, halina waya, halina chochote.

"Sasa ofisi ina mtu," alimwambia mkewe.

Mwanamke huyo aliwahi kuwa mwalimu, mpaka mumewe alipomwambia aache, kwa kuwa alikuwa anarudi nyumbani na vumbi la chaki na maoni. Akaacha. Alipofiwa na mama yake, akasimama kusema mawili matatu mbele ya waombolezaji, mumewe alimkatiza katikati ya kilio ili amrekebishie neno alilolikosea, na watu wakainamisha vichwa kwa aibu ambayo haikuwa yao. Ndiye mume huyo. Wapo wanaoingiliwa na majini kwa bahati mbaya. Huyu, ukimtazama vizuri, unashangaa majini walichelewa wapi.

Siku ileile ya harufu, kidole chake kiliteleza kikabonyeza kitufe cha nne. Skrini ilipaswa kuwa nyeusi. Badala yake ikaja na ukurasa mtupu, weupe wake mzito, wa kufifia, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Akageuza kisanduku. Kifuniko kilikuwa palepale. Mtu mwenye akili timamu angeinuka, akazima kila kitu, akaenda kukaa juani. Bwana Najua alikasirika tu. Akaandika kwa hasira kwamba kisanduku hicho kimetengenezwa na wapumbavu.

Chini ya maneno yake, herufi zikaanza kujitokeza moja moja, bila mtu kugusa kibodi.

Umeruka herufi.

Akatazama. Kweli, ameiruka.

Hapo ndipo aliponaswa, na alinaswa kijinga, kwa ndoano isiyo na chambo. Hakuogopa kwamba kitu kisichokuwepo kinamwandikia. Aliumia kwamba kinamsahihisha. Akaandika tena kwa makini, na herufi zikajitokeza tena kumwonyesha alipokosea. Tangu siku hiyo hakubanduka kwenye kitufe cha nne. Miswada ya watu ikalala. Mkewe akiwa jikoni alisikia kibodi ikigongwa, kisha kimya, kisha mlio mdogo wa kisanduku, tk, kisha mumewe akicheka peke yake kwa dharau, kama anayebishana na mtu aliyemzidi na hataki kukubali. Alipomuuliza anaandikiana na nani, alijibiwa kwamba anajua anachofanya.

Kisha ikaja alasiri ambayo umeme ulikatika mtaa mzima. Redio ya jirani ikanyamaza, friji ikakohoa ikatulia, na katika ukimya ule mke, aliyekuwa chumbani akikunja nguo, akasikia kibodi inaendelea. Akaenda taratibu, shati la mumewe bado liko mkononi, akasimama mlangoni, na alichokiona ni kwamba kompyuta zote chini ya meza zilikuwa zimekufa, hakuna kijitaa hata kimoja kinachowaka, lakini skrini ilikuwa inawaka mwanga ule mchafu, na mbele yake mumewe amekaa wima, macho ameyafumba kama aliyelala, huku mikono yake ikiandika, kwanza polepole na kwa uzito, kama ya kikongwe anayetafuta kila herufi, halafu pakalia tk, na haikulia kwenye kisanduku, ililia kooni mwa mumewe, na mikono ileile ikaanza kukimbia juu ya kibodi kama buibui wawili wanaofukuzana, halafu tk tena, na mikono ikasimama hewani bila kugusa kitu, shingo ikaanza kugeuka kidogo kidogo kuelekea mlangoni, uso ukamfikia, ukamtazama kwa macho yaliyofumbwa, ukaendelea kumtazama, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka.

Tk.

"Mwanangu," ikasema sauti ya bibi kizee kutoka kinywani mwa mumewe, "tunaomba maji."

Tk. Kicheko kikaja, kicheko kisicho na pumzi, kifua hakikupanda wala kushuka. Tk. Bwana Najua akafumbua macho, jasho likimtiririka, akamuuliza mkewe kwa nini amesimama kama nguzo na shati lake mkononi. Hakujua kwamba umeme umekatika. Alipoambiwa, alisema anajua.

Kesho yake mke akamtafuta mchoraji. Alimkuta nje ya duka la mtu, juu ya ngazi, anapaka rangi kibao. Akamwambia yote kwa sauti ya chini, kila mpita njia akipita ananyamaza. Mchoraji alishuka hatua moja.

"Kama umekuja kuniuliza ni mimi niliyemtumia, shemeji, umenikosea sana. Ningekuwa na jini ningemtuma kwa mtu wa maana."

Lakini alipoona yule mama haondoki, alishuka ngazi yote, akafunika kopo la rangi. Shangazi yake alikuwa mtabibu wa mambo hayo. Wakaenda kumchukua.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mizito na mkoba wa ngozi, asiyependa maneno mengi. Alipoingia ofisini alivuta pumzi mara moja akasema harufu ni ya zamani kuliko nyumba. Kisanduku hakukigusa. Alimwagiza mchoraji ang'oe nyaya zote za meza ile, na nyaya zilipotoka, skrini haikuzimika. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Bwana Najua, akamshika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo. Mchoraji alisimama mlangoni. Mke alisimama nyuma ya mtabibu.

"Mko wangapi?" aliuliza kwa upole.

"Watatu," ikajibu sauti ya bibi kizee. "Na mwenyewe."

"Kwa nini yeye?"

"Tulikuwa tunapita. Mtu aliyejaa hatumwingii. Huyu anapiga kelele kama nyumba yenye watu, tukabisha hodi, tukakuta vyumba vitupu. Hata kugombania hatukugombania. Kila mmoja alijichagulia."

Mtabibu akaanza kusoma, midomo ikienda bila sauti, na kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Kisha mapazia yakavutwa kwenda nje, ingawa hapakuwa na upepo, na bibi kizee hakusikika tena. Aliyecheka alitoka kwa shida zaidi. Alipotoka, masufuria jikoni yalianguka yote kwa pamoja, na mchoraji akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Akabaki yule aliyemtazama mke siku ya umeme kukatika. Hakuwa amewahi kusema neno. Sasa akasema, na sauti yake ilikuwa ya Bwana Najua, hata namna ya kuvuta pumzi.

Mtabibu alifuta miwani. Kisha akamnong'oneza mke bila kugeuka. "Wamebaki wawili, na sauti ni moja. Mimi mumeo simjui. Weka mkono begani kwangu. Nitawaita mmoja mmoja. Akisema mgeni, nibonyeze, nami nitamtoa. Usikosee, mwanangu. Atakayetoka harudi."

Mke akaweka mkono.

Tk.

"Samahanini kwa usumbufu," akasema mwanamume yule kwenye kiti. "Mke wangu amesimama muda mrefu. Mpeni kiti."

Mkono haukusogea.

Tk.

"Nani amewaingiza watu hawa ofisini kwangu? Huyu mwanamke hawezi hata kuchagua nyanya, leo anachagua waganga. Hebu niondokeeni."

Vidole vya mke vikabonyeza.

Mtabibu aliinua uso akamtazama kupitia miwani yake mizito, akamtazama sana. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Mtabibu akaanza tena kusoma, na yule aliyekuwa akifoka akakatika ghafla kama aliyetiwa maji baridi, akaanza kuomba, akasema subirini, mnakosea, akageuza macho kwa mkewe na kumwita kwa jina dogo alilokuwa akimwita zamani walipokuwa wachumba, jina ambalo hakuna jini angelijua na ambalo mke hakuwa amelisikia kwa miaka, akalirudia, akalirudia, akasema ni mimi, mke wangu, nitazame, ni mimi, na sauti ikawa inarudi nyuma kama ya mtu anayeburutwa kwenye korido ndefu, na mkono wa mke ulikuwa bado uko palepale begani kwa mtabibu, hautetemeki. Mchoraji, aliyetukanwa na sauti ile miaka yote ya kazi yake, alitazama sakafu.

Skrini ikazimika.

Mtaa mzima ulimpongeza. Wakasema mganga kampata, mwanamume kapona na tabia juu. Aliwaita wafanyakazi wake mwenyewe, akawaomba radhi mmoja mmoja, kila aliyekubali akarudishiwa meza yake. Anawasikiliza. Akiwa hajui, anasema hajui. Mtabibu hakurudi kumtazama mgonjwa wake, na mchoraji alikataa kazi.

Jumapili moja walikuwa wamekaa wawili, mchana mweupe, mlango wazi, watoto wa jirani wakicheza nje. Mke alimletea chai ikiwa inachemka bado. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akakaa akimtazama bila kupepesa macho.

"Siku ile ulijua ni yupi," akasema taratibu, wala si kwa ubaya.

Mke akajivutia kikombe chake.

"Kunywa," akasema. "Itapoa."

Mwanamume akanywa yote kwa mkupuo mmoja, bila kupuliza.