Uzito Kifuani mwa Chimène

Tangu shimo la dhahabu kule Salamabila limfukie mumewe Fidèle, Chimène hakuamka vizuri hata siku moja. Kila alfajiri kitu kilimkalia kifuani. Alihisi kitanda kikibonyea, lakini mtu hakumwona. Daktari hapo Kasongo alimpima moyo na mapafu, akamwambia ni mzima. Majirani walinong'ona kwamba Fidèle hajaondoka.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado mzito, alisikia pumzi nyuma ya ua. Iliingia, ikatoka, polepole mno. Akachungulia. Jirani yake Mounira, anayewafundisha wagonjwa kutembea tena hospitalini, alikuwa amelala chali mkekani, viganja juu, macho yamefumbwa, kama maiti inayongoja kuoshwa.

Chimène aliingia mbio, akamgusa mguu. Ulikuwa baridi.

"Niko muzima," Mounira alisema bila kufumbua macho. "Ni mazoezi. Yanaitwa hatha yoga. Nilijifunza Bukavu."

"Iko dini, yaya?" Chimène aliuliza, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa.

"Yalitoka India. Mimi naswali kama kawaida. Hapa tunafanya mwili na pumzi tu. Umekula?"

"Bado."

"Vizuri. Tumbo likijaa hatufanyi. Piga magoti, weka mikono chini. Ukivuta pumzi kwa pua, shusha tumbo, inua kichwa. Ukitoa, pandisha mugongo kama paka. Pakiuma, acha. Usijilazimishe."

Mgongo wa Chimène ulikakamaa, kisha ukaanza kulegea. Akakalia visigino, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mwishowe akalala chali.

Pale pale kitu kikaja, kikamkalia.

"Iko hapa," alinong'ona.

Mounira hakuuliza ni nini. "Usipigane nayo. Vuta pumzi, hesabu mpaka tatu. Toa, hesabu mpaka tano."

Walirudia kila asubuhi. Wiki ya nne Mounira aliondoka mapema kwenda kazini, Chimène akafanya peke yake. Uzito ukaja. Akahesabu. Tatu. Tano. Mara ya kumi ukanyanyuka taratibu. Mkeka ukachakarika kando yake. Nyayo zikaenda mpaka langoni, zikakoma.

Hakufumbua macho. Alimaliza kuhesabu, akageukia ubavu kwanza kama alivyofundishwa, akaketi. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mchana huo alitwanga mwenyewe sombe, majani ya muhogo, akala sahani nzima. Kesho yake jua lilimkuta bado amelala.